Dobi Aliyebaki Mlangoni

4 Februari

Kwako Kasuku wangu,

Salamu nyingi, nyingi kuliko unga ulionijaa mikononi saa hii. Sisi huku wazima, ukiacha goti la baba yako ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Binamu yako amefaulu mtihani wa udereva, baada ya kuurudia mara ambazo ameniomba nisizitaje. Tanuri langu jipya linawaka vizuri mpaka chumba cha juu kimekuwa na joto kama kifua cha kuku anayeatamia. Na yule mhandisi uliyemtaja barua iliyopita, mara moja tu, katikati ya sentensi, ukadhani sikumwona: ni nani? Watu wake ni watu gani? Mkate anakula?

Usishangae kuona nakuandikia karatasi. Kwenye simu huwa nasema "nzuri tu" kwa sababu kaunta imejaa watu, na nusu yao ndio ninaotaka kuwasema. Nanyi huko kazini simu mnaziacha mlangoni kama viatu.

Jambo lenyewe ni hili. Unamkumbuka yule mwenye yadi ya vyuma chakavu nyuma ya safu yetu ya maduka? Siku hizi tunamwita Bwana Songasonga. Uzio wake hautulii. Kila ardhi inapolowa kiasi cha kukubali nguzo, uzio unasogea mbele. Alianza na uchochoro tuliokuwa tukipitishia mikokoteni. Tukasema, ah, ni uchochoro tu. Wiki iliyopita mabati yake yameamkia katikati ya uwanja wa Mama Dobi, pale pale anapoanika nguo. Kamba zake zote tatu sasa ziko upande wa pili. Shuka za hospitali zilikuwa bado zinaning'inia. Akaenda kuziomba, akapewa moja moja, na kwa kila moja akatakiwa aseme asante.

Akaenda ofisi ya mtaa. Wakamwambia, "Tunalifuatilia." Akauliza mnalifuatilia mpaka wapi, wakamwambia alete picha.

Sasa safu nzima imeingiwa na hofu. Kinyozi kasema, "Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji," akacheka peke yake. Mimi nikawaambia: tulieni, mpwa wangu ni mkalimani kwenye makao makuu ya ile Jumuiya ya Kujihami, ambako mataifa makubwa na madogo yameapa kulindana. Yale mambo anayasikia kwa masikio yake mwenyewe. Wakaninyamazia kwa heshima ambayo sijaipata tangu nipandishe bei ya mkate.

Basi niambie. Hicho kitu kilianzaje, ni cha nini hasa, na sisi wenye maduka tunaweza kuwa nacho? Andika kwa lugha ya watu, si ile ya kazini kwako.

Ni mimi shangazi yako, mwokaji.


1 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mimi mzima. Chumba changu ni kile kile kimoja, dirisha linatazama dirisha la mtu mwingine, na kipasha joto kinagonga ukutani kama mtu aliyefungiwa ndani. Mwambie baba asipande ngazi kubishana na goti. Binamu mpe hongera, na mwambie nitapanda gari lake mwakani.

Sasa swali lako. Ilikuwa baada ya ile vita kuu ya pili, iliyoacha miji mizima ikiwa kuta bila paa. Waliobaki walitazama mashariki wakaona jirani mmoja mkubwa, ambaye majeshi yake yaliingia katika nchi za watu wakati wa vita na hayakuona sababu ya kutoka. Nchi kumi na mbili zikakaa, zikaandika mkataba wa ibara kumi na nne, mfupi kuliko niliosaini mimi kupanga chumba hiki. Moyo wake ni ibara ya tano: atakayemshambulia mmoja wetu, ametushambulia sote. Shabaha hasa si kupigana. Shabaha ni mtu wa nje ahesabu vichwa kabla hajanyanyua mkono, kisha aurudishe mkono mfukoni.

Lakini isome mpaka mwisho, Shangazi, maana wengi huishia katikati. Inasema kila mmoja atamsaidia aliyeshambuliwa kwa hatua ambayo yeye mwenyewe ataona ni ya lazima. Hapo pana nafasi ya kupitisha lori. Mmoja anaweza kuona ni lazima alete jeshi, mwingine akaona ni lazima alete blanketi.

Jirani mkubwa naye akaunda jumuiya yake. Wakatazamana miongo kwa miongo, kila mmoja akisema yeye anajilinda tu. Katikati ya safari mwanachama wetu mmoja alinuna, akaondoa askari wake kwenye jeshi la pamoja na kuwataka wenzake wahamishe makao makuu kutoka nchini mwake. Uanachama hakuuacha, lakini. Alitoka jikoni akabaki mezani. Baadaye sana akarudi jikoni.

Kisha jumuiya ya jirani ikasambaratika yenyewe. Watu wakauliza, "Mlinzi wa nini tena, kama mwizi kafa?" Jumuiya ikajitafutia kazi nyingine, na nchi zilizowahi kukaliwa na yule jirani zikapanga foleni kuingia, kwa sababu wao hawakuamini kwamba kafa. Walichekwa. Siku hizi hawachekwi.

Na hiyo ibara ya tano, katika miaka yote hii, imeitwa mara moja tu. Haikuitwa kwa ajili ya mdogo yeyote. Iliitwa aliposhambuliwa mkubwa kuliko wote, yule ambaye kila mtu alidhani ndiye atakayewalinda wengine. Wadogo wakafunga virago wakaenda kumsaidia.

Hatupigi kura. Kila jambo mpaka wote wakubali, ndiyo maana chai yetu ni nyingi kuliko maamuzi.

Mnaweza kuwa nacho, Shangazi. Muwe tu na hakika mnamlinda nani.

Kuhusu mhandisi: mkate anakula.

Kasuku wako.


24 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba, na salamu za wote. Baba yako alipanda ngazi. Sasa ana magoti mawili ya kutabiri mvua. Paka wa kinyozi amezaa ndani ya pipa langu la unga, kwa hiyo wateja wakiuliza kuhusu manyoya nawaambia ni shayiri.

Tumeanzisha! Mkutano ulifanyika humu dukani kwangu jioni nne mfululizo, na watu wamekula mikate ya kutosha kulisha hayo majeshi yenu. Jina peke yake lilitutoa jasho. Kinyozi alitaka Simba wa Safu. Mama Daktari wa Meno akasema simba hawezi kuwa na ofisi. Mwishowe tukakubaliana: Umoja wa Safu wa Ulinzi. Mwenyekiti ni Bwana Bohari, kwa kuwa ndiye mwenye bohari kubwa, walinzi wawili na mbwa. Katibu ni mimi. Nilikataa mara mbili kama inavyotakiwa, kisha nikakubali.

Ibara yetu kuu niliiandika kwa mkono wangu: aguswaye mmoja, wameguswa wote. Fundi Makufuli akainua mkono.

"Kuguswa ni nini? Akinisukuma sokoni, nimeguswa?"

"Sokoni si kwenye safu," akasema Bwana Bohari.

"Na yule kinyozi, ambaye banda lake la pili liko ng'ambo ya barabara?"

Tukajadili ng'ambo ya barabara mpaka tanuri likapoa. Imeamuliwa kwamba banda la pili la kinyozi halimo, lakini tutalihurumia.

Kila mwanachama anunue filimbi na tochi. Ukimsikia Bwana Bohari analalamika! Anasema yeye analisha mbwa kwa niaba ya watu wanaoshindwa kununua filimbi, na kama hali ni hii, siku moja mbwa watalinda kwake tu. Fundi Makufuli kanunua filimbi ya plastiki ya mtoto wake. Inalia kama kifaranga.

Sasa, Mama Dobi. Alikuja jioni ya kwanza, akakaa mbele kabisa. Bwana Bohari akaeleza kwa upole kwamba uwanja wake ulichukuliwa kabla ya Umoja kuzaliwa, na Umoja unatazama mbele. Pili, tukimwingiza sasa hivi, akiwa bado na mgogoro wa mpaka, basi siku hiyo hiyo tunakuwa wote tumeguswa, na itabidi tufanye kitu. Si busara. Kwanza amalize mgogoro wake na Songasonga, kisha aombe. Tumemwandikia barua nzuri sana, mimi ndiye niliyeiandika, kwamba mlango wa Umoja uko wazi.

Aliisoma, akaikunja, akauliza kama ile mikate iliyobaki inauzwa.

Kwa hiyo mambo yanakwenda vizuri. Songasonga alipita juzi, akaona filimbi zimening'inia milangoni, akanunua mkate.

Hujasema watu wa mhandisi ni watu gani.

Shangazi yako, Katibu.


30 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini baba anatulia sasa. Huku miti imeanza kuchipua na watu wanatembea wamefungua makoti. Mkalimani mwenzangu, yule anayefuma soksi wakati wa kusubiri zamu, amenifumia jozi. Moja ni kubwa kuliko nyingine. Anasema inategemea hotuba ilikuwa ya nani.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Mama Dobi ndiye aliyenifulia sare za shule mwaka ule mama alipokuwa amelazwa. Hakutuma mtu kuja kudai chochote. Nilidhani Umoja umeanzishwa kwa sababu yake.

Nikueleze kitu cha hapa. Jengo letu ni la vioo na bendera. Kuna duka la kahawa ambapo majenerali wanasimama foleni na sinia kama wanafunzi. Mimi nakaa juu ya ukumbi, ndani ya kibanda cha kioo, na anachosema mtu pale chini nakisema mimi kwa lugha nyingine. Kanuni ya kazi ni kwamba husemi "amesema". Unasema "mimi". Nimekuwa jenerali asubuhi na waziri mchana. Sijawahi kuwa mwenye haya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniletea haya nizitafsiri.

Wiki iliyopita alikuja mjumbe wa nchi moja ambayo haimo. Uzio wa jirani umeshaingia ndani ya uwanja wao, Shangazi, na unaendelea kusogea. Wao wako mlangoni miaka mingi. Waliwahi kuandikiwa kwamba siku moja watakuwa wanachama. Mjumbe alipewa maji na kiti kizuri.

Tuna utaratibu mwingine hapa, unaitwa utaratibu wa kimya. Katibu anasambaza karatasi na kuweka siku na saa. Asiyesema kitu kabla ya saa hiyo, amekubali. Mtu mzima anaweza kukubali jambo kubwa akiwa amelala, au akiwa kwa kinyozi. Waliobuni walitaka kuokoa muda. Mimi naona wameokoa nyuso, maana hakuna anayelazimika kulisema jambo mbele ya mwenzake.

Nimepewa likizo fupi. Wanasema nimechoka. Usijali.

Usiniulize tena habari za mhandisi, tafadhali.

Kasuku.


2 Julai

Kasuku wangu,

Salamu. Sikuandika kwa kuwa nilikuwa na kazi nyingi. Wote wazima. Baba yako kanunuliwa fimbo, anaitumia kuwaelekeza watu njia.

Nakuandikia habari kubwa: ibara yetu imeitwa.

Jumapili moja asubuhi, watu wako ndani wanapiga pasi nguo za kutokea, tukasikia tingatinga. Nikatoka na aproni. Songasonga kaleta tingatinga lake la kusukumia vyuma, na halikuelekea kwa maskini yeyote. Limeelekea uwanja wa kupakulia mizigo wa Bwana Bohari! Mwenyekiti mwenyewe yuko katikati, na kanzu ya kulalia, anapuliza filimbi mpaka macho yamemtoka.

Walinzi wake wawili walikuwa wameshapima hali na kwenda kutoa taarifa, mahali ambako mpaka leo hawajapataja. Mbwa wakamkimbilia dereva wa tingatinga wakitikisa mikia. Kumbe huwa anawatupia mifupa kila siku.

Basi Umoja ukaitika. Kinyozi alitoa kichwa mlangoni akasema yuko pamoja nasi kwa moyo, ila ana mteja kanyolewa upande mmoja. Fundi Makufuli alipuliza ile filimbi yake ya kifaranga, kutokea ndani, akiwa amejifungia kwa makufuli yake yote. Mama Daktari wa Meno alikuja mpaka kwenye kona, akasimama, akanambia kila mwanachama anachukua hatua anayoona ni ya lazima, na yeye anaona ni lazima awepo shahidi. Mimi nilichukua mti wa kutolea mikate tanurini. Nilikuwa na nia. Miguu ndiyo ilikuwa inajadiliana.

Aliyepita mbele yetu alikuwa Mama Dobi na beseni kichwani, na wale wasichana wake wawili wa pasi nyuma yake. Hakupuliza kitu, maana filimbi hana. Akafunga kamba kutoka nguzo ya taa mpaka lango la bohari, mbele kabisa ya tingatinga, akaanza kuanika. Shuka baada ya shuka, nyeupe, zinachuruzika maji.

Dereva akatoa kichwa. "Mama, toa shuka zako."

"Si zangu. Ni za hospitali, za wodi ya wazazi. Pita."

"Nitazichafua."

"Zichafue. Kisha uende ukawaeleze waliojifungua jana kwa nini wanalalia godoro tupu. Mke wako yupo humo?"

Dereva akazitazama zile shuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ni dada yake. Akazima injini.

Injini ilipozima, Kasuku, ungeona ushujaa! Kinyozi akatoka na wembe, Fundi Makufuli akafungua makufuli yote, mimi mti wangu nikauinua juu. Tukamzomea Songasonga mpaka akarudisha tingatinga kinyumenyume. Mkutano wa kupongezana ulifanyika jioni hiyo hiyo. Bwana Bohari alisema, siku hii historia itaikumbuka, umoja wetu umejaribiwa na haukutikisika.

Mama Dobi alikuja tena. Alisimama mlangoni, akauliza kuhusu uwanja wake. Bwana Bohari akamshukuru kwa mchango wake kama mshirika wa nje, akasema suala lake litaandikiwa karatasi. Na ule utaratibu wako wa kimya tumeuchukua! Mzuri sana, unaokoa mikate. Karatasi inasema Mama Dobi abaki mlangoni kwa sasa, mpaka hali itulie. Asiyepinga kabla ya adhuhuri ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, amekubali.

Mkono umechoka. Nikomee hapa.

Shangazi yako.


17 Julai

Shikamoo Shangazi,

Wasalimie wote. Nimefurahi baba kapata fimbo.

Uliniuliza watu wa mhandisi ni watu gani. Ni watu wa ile nchi iliyo mlangoni. Alirudi kwao siku moja kabla sijakuandikia barua ya Aprili. Anasimamisha nguzo za umeme. Zikiangushwa, anazisimamisha tena. Hupiga simu akiwa na umeme, na akiwa nao maana yake kazi imekwenda vizuri, kwa hiyo mimi hujua hali ya nchi nzima kwa kuangalia simu yangu. Mama yake nimempokea mimi. Alikuja na begi dogo na jozi ya viatu vya mwanawe. Yeye analala kitandani, mimi chini. Hatuelewani sana kwa maneno, ila ananikaripia kwa mikono kama wewe.

Na likizo yangu haikuwa ya uchovu. Yule mjumbe aliuliza ukumbini neno moja tu: "Lini?" Mwenyekiti akajibu muda mrefu, sentensi ndefu zisizo na mahali pa kutua, na mwisho akasema mlango uko wazi. Ilikuwa zamu yangu. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia yule mjumbe sikioni, kwa sauti yangu, "Mimi nakuhakikishia mlango uko wazi." Shangazi, sauti haikutoka. Niliona anagonga kisikilizio chake, anatazama juu kwenye kioo changu. Ukumbi mzima ukangoja. Kisha mwenyekiti akasema, kwa kuwa hasikii pingamizi, tuendelee na ajenda inayofuata.

Wamenihamishia kwenye matangazo. Natafsiri "lifti ni mbovu" na "usiegeshe hapa" kwa lugha mbili. Mkataba wangu unaisha Septemba, sidhani kama wataurefusha. Sikuombi kitu, nakueleza tu kwa kuwa umeniuliza.

Swali langu ni moja. Ijumaa hiyo, utanyamaza?

Kasuku.


25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, marahaba nyingi. Barua yako ilifika Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa ya karatasi. Niliisoma nikaiweka, nikaoka, nikaisoma tena. Mkate wa siku hiyo watu waliurudisha.

Ijumaa nilikwenda bohari kabla ya adhuhuri, unga mikononi. Bwana Bohari alikuwa mezani, karatasi mbele yake, saa pembeni, hakuna aliyesema neno mpaka wakati huo.

"Napinga," nikamwambia.

Akavua miwani. "Katibu unavunja kimya? Karatasi umeiandika mwenyewe."

"Nimeiandika, sasa naipinga. Mama Dobi aingie."

"Tukimwingiza leo, kesho tuna vita na Songasonga."

"Na ile Jumapili ya tingatinga tulikuwa na nini, harusi?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Ule ulikuwa uwanja wangu."

Nilingoja aone alichokisema. Hakuona. Nilitoka na hasira, na nakwambia ukweli, na hofu pia. Bohari ndiye anayeniletea unga.

Walitaka kunifukuza, wakakuta ibara ya kufukuza haimo. Nami niliiga mkataba wenu, nanyi hamnayo. Basi wakajiuzulu wao, mmoja mmoja, wakaunda mwingine: Umoja wa Ulinzi wa Safu. Katika ule wa zamani tukabaki mimi na Mama Daktari wa Meno, ambaye siku ya kujiuzulu alikuwa anang'oa gego na hakusikia. Alipopewa habari akasema kwa kuwa ameshabaki, basi abaki. Nikaenda kwa Mama Dobi kumwambia sasa ni mwanachama kamili.

Alikuwa anakamua blanketi. "Nikiingia nitatakiwa kufanya nini?"

"Ukisikia filimbi, uje."

"Mbona nilikuja bila filimbi?"

 Nilishika upande wa pili wa blanketi, tukakamua.

Uwanja wenyewe, nisikudanganye, haukurudishwa na Umoja wowote. Kwa kukosa kamba, Mama Dobi alianza kuanika juu ya mabati ya Songasonga. Yana kutu. Shuka zikarudi hospitali na madoa mekundu, wazazi wakapiga kelele, Mkuu wa Wauguzi akaja mwenyewe na kuyaona yale mabati. Mkuu huyo akienda ofisi ya mtaa haambiwi alete picha. Mpima ardhi alifika wiki hiyo hiyo, na uzio ukarudi nyuma, isipokuwa kipembe ambapo Songasonga anasema winchi yake haiwezi kuhama. Kamba mbili zimerudi. Ya tatu bado tunaipigania. Ule Umoja mwingine umebandika tangazo la kujipongeza kwa ushindi. Songasonga naye kaandaa chai, anapongezwa kwa uungwana wake.

Alijaribu tena wiki iliyopita, nyuma ya duka langu, akatuma mtu na vigingi. Nilipuliza filimbi, nikaona madirisha ya safu yanafungwa moja baada ya jingine. Akaja Mama Dobi. Akaja Mama Daktari wa Meno na koti lake jeupe na mgonjwa nyuma yake, mdomo umejaa pamba, hawezi kuuliza kuna nini. Watu wanne na mti wa mikate. Yule mtu alituhesabu, akachukua vigingi vyake akaondoka. Unga sasa naununua mbali, na binamu yako ndiye anayeubeba. Amegonga geti mara moja tu.

Sasa nisikilize. Mtu mzima hawezi kulala chini mpaka Septemba, wala mgeni hawezi kukaa anasikiliza kipasha joto kinachogonga. Chumba cha juu ya tanuri nimekitoa magunia. Baba yako kapaka rangi, kwa fimbo moja na malalamiko mengi. Vitanda ni viwili. Mama Dobi kaleta shuka, nyeupe, hazina doa. Mkataba wako ukiisha, au kabla, mlete huyo mama, na viatu vya mwanawe asiviache. Mhandisi akipata siku ya kuziacha nguzo zake, njia ni hiyo hiyo. Hapa mtaani umeme unakatika kila wiki na hakuna anayejua kwa nini. Mama yake akinikaripia kwa mikono nitamjibu kwa mikono.

Na usiandike kuuliza kama watu wote nyumbani wamekubali. Sikuitisha mkutano.

Shangazi yako.